Kushoto Kali, Usikate

Usukani wangu nimeufunga kwenye meza ya kulia kwa jiliwa mbili za seremala, na kanyagio zake nimezisukumiza ukutani zisije zikanikimbia. Niliununua mkono wa pili, hapahapa Mombasa, na aliyeniuzia hakuniambia kwamba breki yake inataka mguu wa mpagazi wa bandarini. Mke wangu anasema meza ile sasa ina ulemavu. Usiku, watoto wakishalala, nazima taa ya sebuleni, navaa vipokea sauti masikioni na kuingia msitu wa Harwood, kaskazini ya Uingereza, mahali ambapo sijakanyaga wala sitarajii kukanyaga, lakini nazijua kona zake kuliko ninavyojua vichochoro vya mtaa wangu.

Gemu yenyewe ni kongwe. Richard Burns Rally ilitoka mwaka 2004, na kompyuta yangu ya kazi, iliyochoka kama mimi, inaibeba bila kulalamika. Kwa sura haina cha kuringia. Miti yake kama imekatwa kwa mkasi, mawingu yake kama pamba. Lakini zaidi ya miaka 20 baadaye kuna watu duniani wanaoicheza kila siku. Wameziandika upya hesabu za mwendo wa magari yake na kuiongezea njia ambazo waliounda gemu hawakuziota. Wanaipenda kwa sababu haina huruma.

Gemu nyingi za magari zinambembeleza mchezaji. Ukigonga ukuta unadunda kama mpira. Ukiharibu kona kuna kitufe cha kurudisha saa nyuma, ukaipita tena kama vile hukukosea. Katika hii kitufe hicho hakipo. Usiku wa kwanza nilikwenda mita chache tu, nikaiingia kona nikiwa na kiburi cha mtu aliyekuwa bingwa wa gemu za mtaani, nikakumbatia mti. Nikarudi nyuma, nikaendelea. Nilidhani nimesamehewa. Baada ya muda mshale wa joto ukaanza kupanda, mashine ikawa inakohoa, kisha kimya. Rejeta ilikuwa imepasuka pale kwenye ule mti, nami nilikuwa nikiendesha maiti bila kujua. Nilikaa gizani nikitazama moshi ukitoka chini ya boneti, nikacheka peke yangu.

Gari la kweli sina, nikiri mapema. Kazini nakwenda kwa matatu.

Nieleze kona moja tu, maana nimeifia mara nyingi. Ni ya kushoto, kali, na kabla yake barabara inapanda kidogo kisha inainama, kwa hiyo unaifikia gari likiwa limepungua uzito. Kwa miguu ungesema ni kona kama kona nyingine. Kwa kilomita 110 kwa saa ni kesi ya mahakamani. Nilikuwa nikifanya anachofanya kila mtu: naiona kona, nakata usukani kushoto. Magurudumu ya mbele yanageuka kweli, yanaparuza kokoto, na gari linakwenda zake moja kwa moja mpaka kwenye misonobari, kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

Zilinipita wiki tatu kabla sijaelewa kwamba kwenye changarawe usukani huomba tu. Anayegeuza gari ni uzito. Ukikanyaga breki uzito unahamia mbele, pua inashuka, tairi za mbele zinauma ardhi. Mkia nao unakuwa mwepesi, unataka kwenda zake. Basi unautumia wepesi huo. Unaligusa gari kulia kwanza, upande usio wako, kisha unalirudisha kushoto kwa ghafla, na mkia unazunguka wenyewe kama kapu mgongoni mwa mtu aliyegeuka upesi. Ni ujanja unaohusishwa na madereva wa Skandinavia. Hapo unakanyaga mafuta kabla hujaiona njia ya kutokea, mikono imeelekeza usukani kulia na gari zima linakwenda kushoto. Siku nilipofaulu kwa mara ya kwanza nilisahau kubadilisha gia kwa furaha, nikaingia mtaroni kwenye kona iliyofuata.

Hata hivyo si hilo linalonirudisha mezani kila usiku. Linalonirudisha ni sauti. Pembeni mwa dereva wa rali ameketi mwelekezi, ana daftari mapajani, na daftari lile lina njia nzima iliyoandikwa kwa mkato: upande, ukali wa kona, umbali wa kufikia nyingine, onyo. Gemu nyingine hutumia tarakimu, 1 hadi 6, moja ikiwa ile inayojikunja kama kiwiko na sita ile unayoipita bila kuondoa mguu. Sauti hiyo haisemi unachokiona. Unachokiona kimeshapita. Inasema kinachokuja, wakati wewe ungali katikati ya kona ya sasa ukipigana na mkia: kulia wastani, mia moja, kushoto kali, usikate. Usikate maana yake usibane kona kwa ndani, kuna jiwe au kisiki kimejificha majanini. Huna nafasi ya kuuliza kama ni kweli. Ukingoja uone ndipo uamini, umeshachelewa.

Nilidhani ni jambo geni kwangu mpaka asubuhi moja nilipokuwa kwenye matatu inayopenya msongamano wa Kongowea. Makanga alikuwa ananing'inia mlangoni, anapiga bati kwa kiganja. Pigo moja, dereva anasimama. Mawili, anaondoka. Mara akapaza sauti, “Iko, iko, iko, weka!” na dereva, bila kugeuza shingo hata chembe, akalisukuma gari kushoto kati ya mkokoteni na ukuta, upenyo ambao yeye mwenyewe hakuuona. Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikisafirishwa na mwelekezi.

Sauti iliyomo katika gemu ni ya Robert Reid, Mskoti, ambaye ndiye hasa aliyekuwa mwelekezi wa Richard Burns. Wawili hawa walikuwa mabingwa wa dunia mwaka 2001, kwa tofauti ya alama 2 dhidi ya Colin McRae. Burns alikuwa Mwingereza wa kupima mambo, dereva wa hesabu, tofauti na McRae aliyejulikana kwa kuvunja magari au kushinda. Novemba 2003, akiwa njiani kwenda kwenye rali ya mwisho ya msimu kule Wales, rali ambayo ingeweza kumpa ubingwa wa pili, Burns alipoteza fahamu akiwa kwenye usukani katika barabara ya kawaida. Abiria wake, Markko Märtin, dereva mwenzake kutoka Estonia, ndiye aliyelidhibiti gari. Ilikuwa ni uvimbe kwenye ubongo. Alifariki tarehe 25 Novemba 2005, miaka 4 kamili tangu siku aliyotwaa ubingwa, akiwa na umri wa miaka 34. Gemu yenye jina lake ilitoka wakati yeye anaugua.

Kwa hiyo kila usiku ninaketi katika kiti chake, na rafiki yake ananisomea njia. Sijui kama nimewahi kuona kumbukumbu ya aina hiyo. Sanamu ina mtu aliyesimama. Hapa kilichobaki ni nafasi yake tupu, na sauti inayozungumza na nafasi hiyo.

Sasa kuna jambo linalonikera. Burns alipata ushindi wake wa kwanza kabisa wa mashindano ya dunia hapa Kenya, katika Safari Rally ya 1998, akiwa na Mitsubishi Carisma. Akaja tena mwaka 2000 na Subaru, akashinda tena. Ukifungua gemu yake utakuta Uingereza, Finland, Ufaransa, Marekani, Japani na Australia. Kenya haimo. Ni kama kuandika maisha ya mtu ukaruka mji aliozaliwa. Colin McRae, aliyeishinda Safari mara 3, alifanyiwa haki zaidi: gemu ya pili yenye jina lake, ya mwaka 2000, ilikuwa na Kenya ndani, ya vumbi na jua, ingawa njia zake zilikuwa fupi kiasi cha kuisha kabla chai haijapoa.

Najua utetezi wa waliounda gemu, na si wa kipuuzi. Safari ya wakati ule haikuwa kitu cha kuwekwa kwenye diski. Ilianza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miongo mingi ilikuwa safari kweli, maelfu ya kilomita kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Rali za Ulaya zilifunga njia ya msituni, zikapima dakika chache, zikafungua. Safari iliwapeleka madereva kwenye barabara ileile ya mama anayekwenda sokoni na ng'ombe wanaokwenda mtoni. Timu tajiri zilirusha helikopta juu ya gari ili kumwonya dereva kuhusu lori au twiga. Noti za mwelekezi zilijua mawe. Helikopta ilitazama kila kilicho na miguu. Magari yalifungwa vyuma mbele kwa ajili ya wanyama na bomba la kuvutia hewa likapandishwa hadi paani kwa ajili ya mito.

Na matope, kwa kuwa ilikuwa Pasaka, na Pasaka ni masika. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 vilevile, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404 yake. Joginder Singh, fundi na dereva tuliyemwita Simba, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo kuukuu akiwa na mdogo wake Jaswant, akaja kushinda tena 1974 na 1976. Katika Safari 22 alizoanza alimaliza 19. Ukinipa nafasi ya kuchagua takwimu moja ya kuandika juu ya mlango wa kila anayejifunza kuendesha, sitachukua ushindi wake, nitachukua hiyo 19.

Baba yangu hakuwa anayajua majina hayo wakati ule. Yeye ni mtu wa Taita, wa juu, upande wa Wundanyi, na utotoni mwake rali ilipanda milima ile ikiwa na baridi na ukungu. Anasimulia mwaka ambao hakumbuki ulikuwa upi. Husema ulikuwa mwaka wa mvua. Walikuwa watoto kama ishirini kando ya barabara tangu alfajiri, wamevaa nguo za Pasaka. Gari moja likaja, likateleza, likazama mtaroni mpaka kwenye ekseli. Mwelekezi akatoka, Mzungu, akawaashiria kwa mikono yote miwili. Watoto na wazee wakashuka, wakalishika, wakalisukuma. Tairi zikawarushia tope usoni. Likatoka ghafla kama jino, mwelekezi akalikimbilia, akarukia ndani mlango ukiwa wazi, wakapotea kwenye ukungu. Baba aliacha kiatu kimoja mle mtaroni, na nyanya alimchapa kwa hicho kilichobaki.

“Hata asante hakusema?” nilimuuliza siku moja.

“Angesimama aseme asante, mwanangu, angenasa tena.”

Baadaye Baba akawa dereva. Miaka mingi aliendesha lori la mboga kutoka Wundanyi hadi Kongowea, kabichi na nyanya, akishuka zile kona usiku ili afike soko likifunguliwa. Kona hizo walizopita kina Joginder mara moja kwa mwaka yeye alizipita mara tatu kwa wiki, amebeba tani kadhaa, na hakuna aliyempimia muda isipokuwa wachuuzi.

Alipokuja kututembelea mwezi uliopita nilimpeleka kwa kijana wa jirani, ambaye ana gemu mpya, EA Sports WRC, ya 2023. Hiyo Kenya imo. Safari ilirudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021 baada ya miaka 19 nje, safari hii ikiwa fupi, imekusanywa Naivasha na viunga vyake, njia zimefungwa, na vumbi lile laini kama unga ambalo madereva huliita feshi-feshi likiwa limechukua nafasi ya matope katika hadithi za watu. Sébastien Ogier alishinda mwaka huo baada ya Thierry Neuville, aliyekuwa mbele, kuvunjikiwa shokabso asubuhi ya siku ya mwisho. Kijana akafungua njia ya Soysambu. Migunga, nyasi kavu, udongo wa rangi ya biskuti, milima kwa mbali. Nilimtazama Baba. Alikuwa ameinamia kioo, mkono kwenye kidevu.

“Hii ni kwetu,” alisema. “Lakini wamehama?”

Kijana akamwonyesha watazamaji waliosimama mahali fulani nyuma ya utepe. Baba akakubali kwa kichwa, kwa adabu tu. Mara gari likaruka mgongo wa barabara na kutua upande wa pili kwa kishindo.

“Kijana, ukipanda kilima huoni ng'ambo, hupigi honi?”

“Hakuna anayekuja, Babu. Njia imefungwa.”

“Unajuaje?”

Kijana alicheka. Mimi sikucheka sana, maana swali lile limenikalia mpaka leo. Tunasifu gemu hizi kwa uhalisia, na ni kweli: zimepima jinsi tairi inavyouma kokoto, jinsi springi inavyobonyea, jinsi rejeta inavyovujisha maji yake mpaka mashine ife. Kwa upande wa gari sina la kudai. Barabara ndiyo waliyoiacha nusu. Wameichukua kama umbo, yaani kona, mwinuko, mawe, na barabara ya kwetu haijawahi kuwa umbo. Ni mahali watu wanapoishi kwa urefu.

Usiku ule nilikumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekibonyeza mara mia bila kukisoma. Katika Richard Burns Rally, gari likizama mtaroni na usiweze kulitoa, kuna amri ya kuomba msaada. Unabonyeza, unangoja, unajikuta barabarani tena, na sekunde zako zimekwenda. Huoni aliyekutoa. Nilikuwa nimekichukulia kitufe hicho kama kasoro ndogo ya kiufundi, njia ya mkato ya waandishi wa programu. Sasa kila nikikibonyeza namwona mtoto wa Taita na kiatu kimoja.

Kabla hajarudi Wundanyi, Baba aliniomba ajaribu. Nilimwekea Harwood, gari la Subaru, mchana. Alikaa wima, akarekebisha kioo ambacho hakipo, akauliza honi iko wapi. Nikamwambia hamna. Hakupenda. Kiingereza cha Reid kilikuwa kinamkimbia, kwa hiyo nilivua vipokea sauti, nikazima sauti yake, nikasimama nyuma ya kiti nikamsomea mwenyewe kwa kichwa.

“Kulia wastani, Baba. Mia moja. Kushoto kali, usikate.”

“Nikate nini?”

“Kona. Usiibane.”

“Nani anabana kona? Ukibana, kabichi zinaenda upande mmoja.”

Alikwenda gia ya pili, mara chache ya tatu. Kwenye kila mwinuko alipunguza, akasogea kushoto kabisa, akapisha lori lisilokuwepo, kisha akaendelea. Mwanzoni nilitaka kumwambia akanyage. Baada ya kona kama kumi nikaacha, nikabaki kusoma tu, kulia, kushoto, inabana, angalia jiwe, na yeye akawa anaitika “ehe” baada ya kila noti, kama anavyoitika mama akimsomea barua. Kwenye ile kona yangu alipita taratibu, magurudumu yote manne chini.

Alimaliza kwa dakika 13 na sekunde 40. Rekodi yangu ni chini ya nne, lakini sijawahi kufika mwisho wa njia hiyo na taa zote mbili za mbele zikiwa nzima. Za Baba zilikuwa nzima.